Picha kwa Hisani ya Nani?

Chukueni gazeti lolote, au kijikaratasi chochote kinachogawanywa mlangoni pa kanisa baada ya ibada, mtazame maandishi madogo yaliyo chini ya picha. Mara nyingi mtakuta neno moja tu: Hisani. Katika lugha yetu hisani ni wema anaoutenda mtu kwa hiari yake, wala haiwezekani pakawa na hisani pasipo na mhisani. Basi twauliza: picha hiyo imetolewa kwa hisani ya nani, ilhali aliyeipiga hakuulizwa, hakulipwa, na jina lake limekatwa pamoja na ukingo wa picha yenyewe?

Watetezi wa mageuzi wamezoea kulitamka neno wizi kwa sauti kubwa wanapozungumza juu ya ardhi ya umma na hazina ya taifa. Wafanya vyema. Lakini upo wizi mdogo unaotendeka katika ofisi za vyama, za mashirika na za parokia, nao hauitwi wizi. Huitwa kutafuta picha.

Tukumbuke deni lililopo. Tarehe 7 Julai 1997 polisi walipoingia ndani ya All Saints Cathedral na kuwapiga waliokuwamo, na tarehe 10 Juni 1999 Mchungaji Timothy Njoya alipopigwa nje ya Bunge, ulimwengu ulisadiki kwa sababu zilikuwako picha. Maneno ya wapinzani yangeweza kukanushwa na msemaji yeyote wa serikali; picha haikukanushika. Aliyeishika kamera alisimama pale pale yalipokuwa marungu, na marungu hayakuuliza nani ni mwandamanaji na nani yuko kazini.

Tangu hapo picha za namna hiyo zimepigwa chapa kwenye mabango, fulana na kalenda, kana kwamba ziliokotwa barabarani. Wengi hudhani ya kwamba picha ya zamani ni mali ya kila mtu. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huilinda picha kwa miaka 50, kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, na ile tarehe iliyo ya baadaye ndiyo ihesabiwayo. Picha iliyotoka gazetini mara ya kwanza Julai 1997 inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2047. Wala haihitaji kusajiliwa popote ili ilindwe.

Sasa tuje kwenye shauri lililotufanya tuandike haya. Mpiga picha mmoja, mkazi wa Kawangware, alifika ofisini petu akiwa na bahasha. Alikuwa ametoa leseni kwa shirika moja la kusaidia maskini: picha 12, zitumike katika ripoti ya mwaka mmoja tu, zisitumike kwa biashara wala siasa, na jina lake liandikwe. Yote hayo yalikuwa katika maandishi yenye sahihi mbili. Ndani ya bahasha mlikuwa na kalenda ya kanisa iliyopigwa chapa River Road, kijikaratasi cha chama cha kisiasa, na picha aliyoipiga kwa simu ya bango kubwa la matangazo lililosimama kando ya Waiyaki Way. Bango lilikuwa likitangaza mikopo.

Katika vyote vitatu alikuwamo mama mmoja wa Kangemi, muuza mboga, amesimama mbele ya kibanda chake kilichobomolewa. Mama huyo alikubali kupigwa picha kwa sharti moja, kwamba itaonekana katika ripoti ya shirika na si penginepo. Sharti hilo ndilo lililoandikwa katika leseni. Bango lilipopandishwa, majirani walimuuliza amelipwa kiasi gani. Mmoja wao alikwenda kwake kukopa. Kijikaratasi nacho kilimfanya mfuasi wa chama asichokijua, katika mtaa ambao jambo kama hilo si mzaha wakati wa uchaguzi.

Hapa ndipo watu wengi wanapoikosea leseni. Huidhania kuwa karatasi ya kudai fedha. Kumbe mara nyingi ni ahadi ambayo mpiga picha alikwisha kumpa aliyesimama mbele ya kamera, naye sasa anamtaka mchapishaji aishike pamoja naye. Shirika lile liliwapa wengine picha hizo kwa moyo mkunjufu, pengine bila nia mbaya. Lakini hakuna awezaye kumpa mwenzake haki ambayo yeye mwenyewe hanayo. Lilipewa haki ya ripoti moja. Haki ya bango halikuwa nayo.

Majibu tuliyopewa yalikuwa yale yale ya siku zote. Wa kwanza alisema picha ilipatikana kwenye intaneti. Hilo si jibu. Hata ng'ombe anayeonekana malishoni ana mwenyewe. Wa pili alisema ya kwamba ni habari, na kuripoti habari kunaruhusiwa. Ni kweli sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa kuripoti matukio ya wakati, mradi chanzo kitajwe. Lakini kalenda ya miezi kumi na miwili haijawa habari, na Hisani si chanzo.

Jibu la tatu lina uzito zaidi, nasi twataka wapiga picha walisikilize: "Alitutumia mwenyewe kwa WhatsApp." Sheria yetu yasema ya kwamba leseni ya kipekee haina nguvu isipokuwa imeandikwa na kutiwa sahihi. Lakini leseni ya kawaida, ile isiyomzuia mwenye picha kuwapa wengine, yaweza kutolewa kwa mdomo, tena yaweza kudhaniwa kutokana na mwenendo wa mtu. Anayetuma picha kwa kundi la watu 200 bila neno lolote, kisha akanyamaza miezi sita zikitumika, amempa wakili wa upande wa pili kitu cha kushika. Mteja wetu aliokolewa na karatasi yake.

Upo mtego mwingine mkubwa kuliko huo. Kifungu cha 31 chasema ya kwamba kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, au kwa mwajiri kama ilifanywa kazini, ila pawe na mapatano ya kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Kijana anayeitwa na kamati ya kanisa kupiga picha za harambee, akakubali malipo kwa kupeana mikono, huenda akarudi nyumbani bila haki yoyote juu ya picha hizo. Kwa maoni yetu kifungu hicho kinamwegemea mwenye fedha, na wabunge wangefanya vyema kukitazama upya. Hadi hapo, sentensi moja yatosha: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, na mwagizaji anapewa matumizi kadha wa kadha.

Mama wa Kangemi, kwa upande wake, ana mlango ambao mpiga picha hana. Katiba yalinda faragha yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ina ofisi yenye meno. Mnamo Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Uthiru si mbali na Kangemi, na habari hiyo ilisikika vizuri.

Mwenye hakimiliki hana budi kuupanda mlima wake mwenyewe. Twamshauri aanze na ushahidi kabla ya hasira: anunue kalenda na kuitunza risiti, apige picha bango pamoja na tarehe na mahali, ahifadhi faili asili zilizotoka katika kamera. Kisha barua ya madai, yenye bei. Bei hiyo si ya kubuni, kwani sheria humruhusu mwenye haki, badala ya fidia, kudai ada ambayo mtu mwenye leseni angelilipa. Kwa hiyo ankara zake za zamani ndizo mashahidi wake wakuu. Dai la malipo ya mkataba lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kuamua kwa siku 60. Aliyeichukua picha bila mkataba wowote hushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki, na njia hiyo ni ndefu tena ghali. Wanaochukua picha za wanyonge wanalijua hilo.

Hata hivyo njia ndefu si njia iliyofungwa. Daniel Morel alipiga picha za tetemeko la Haiti mnamo Januari 2010, akaziweka kwenye Twitter, na shirika la habari la Agence France-Presse likazitwaa na kuzisambaza kupitia Getty Images. Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilimpa dola milioni 1.2.

Kwa mteja wetu mambo yamekwenda nusu. Kamati ya kanisa ilikutana Jumapili moja baada ya misa, ikalipa ada, ikamwomba radhi mama wa Kangemi, na kalenda zilizosalia zikaondolewa mezani. Kampuni ya mikopo iliteremsha bango katika siku tatu tangu ipokee barua, na sasa twajadiliana juu ya kiasi. Chama cha kisiasa, ambacho katiba yake ina ukurasa mzima juu ya haki za mwananchi wa kawaida, hakijajibu. Barua ya pili imepelekwa kwa mkono, na nakala yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa.