Mali Ikiuzwa Hairudishwi: Sharia ya Nani?

Nataka kusema nanyi juu ya maneno matatu yapigwayo muhuri katika risiti za maduka ya samani hapa Mombasa: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Wengi wa wenye kuyaandika ni Waislamu, tena wengine twasimama nao safu moja kila alfajiri. Nami nauliza: hii ni sharia ya nani?

Mwaka 2019 alinijia kijana niliyemsomesha chuoni, ana wiki sita tangu kuoa. "Maalim," akaniambia, "kitanda changu chamwaga unga." Nikaenda nikaona. Chini pana unga laini kama wa muhogo, na ubavuni mwa mbao pana vitundu vya ncha ya sindano. Tulipokwaruza vanishi tukakuta vitundu vingine vya zamani, vimezibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la msumeno, kisha vikapakwa rangi. Basi aliyeuza alijua. Asiyejua haziba. Na ile mvule aliyoambiwa haikuwa mvule. Ilikuwa mbao nyeupe, ukucha waingia, imenyweshwa rangi ya hudhurungi.

Muuzaji alipofuatwa akajibu kwa mawili: risiti, na kwamba mnunuzi ana macho. Hili la pili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Macho hayaoni chini ya rangi! Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamuuliza mbona hakuuweka umaji ule juu watu wauone, kisha akamtenga naye kila mwenye kughushi. Ameipokea Imamu Muslim. Yule nafaka yake ilinyeshewa tu, naye akaiacha kavu juu na maji chini. Je, huyu azibaye kwa mkono wake mwenyewe?

Ama risiti, madhehebu yetu ya Imamu Shafi yako wazi. Kasoro ipunguzayo thamani, ambayo kwa kawaida haiwi katika kitu cha namna ile, ikiwa ilikuwapo kabla ya mnunuzi kukipokea, yampa haki ya kukirudisha na kuchukua fedha zake. Na muuzaji akishurutisha kwamba hadaiwi kasoro yoyote, Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa, kwa kauli yenye nguvu, shuruti hiyo yamfaa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, basi. Kitanda si ng'ombe.

Lakini simwachi mnunuzi. Kijana wangu alinunua usiku, chini ya taa, amefuatana na mashangazi watatu wakisifu nakshi za kichwani, na hapana aliyekigeuza. Samani hutazamwa nyuma na chini, pale ambapo fundi hajipendekezi kwa mtu. Mvute mtoto wa meza atoke wote, utazame pembe zake: mbao zimeumana meno kwa meno, au zimepigwa misumari tu? Tikisa mguu wa kiti. Ulimi uliokaa barabara katika tundu lake hauchezi. Mbao mbichi ni nzito na ina ubaridi mkononi, na ikikaukia nyumbani hupasuka na kujipinda, mlango wa kabati usifunge tena. Kochi mwombe fundi akuonyeshe lingali mifupa, kabla ya kuvikwa sponji na kitambaa, maana ndani ya makochi ya fahari nimeona mbao za makasha ya bandarini. Zile mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi si haramu, na asiye na uwezo hupata kabati. Ila zikiingia maji huvimba, na muuzaji yampasa kulisema hilo kabla ya kupokea shilingi. Na wewe ununuaye kwa picha ya simu, ujue kwamba kwa kauli yenye nguvu kwetu kuuza kitu ambacho mnunuzi hakukiona hakusihi.

Nirudi kwa kijana. Nilimuuliza unga aliuona tangu lini. Akasema yapata wiki tatu. "Na siku zote hizo mlilala wapi?" Akainamisha kichwa, hawana kitanda kingine. Moyo ukaniuma, maana kwetu mwenye kuona kasoro hurudisha papo hapo na huacha kukitumia kitu. Akikawia bila ya udhuru haki yake huanguka. Yeye hakuyajua haya, na angeyajulia wapi? Sisi walimu tulimsomesha udhu na mirathi, tukauruka mlango wa kuuza na kununua, tukadhani ni wa matajiri. Hatia hiyo naibeba. Nikafungua vitabu tena, na alhamdulillahi wanazuoni wetu wamempokelea udhuru mtu wa kawaida asiyejua kwamba kurudisha ni papo hapo, kwa kuwa jambo hili limewafichikia wengi.

Tukaenda watatu baada ya alasiri. Muuzaji alisikiliza, akazitazama zile mbao tulizokwaruza, akatoa nusu ya fedha na kusema amefanya hisani. Nusu ya pili anadaiwa mpaka leo, na muhuri wake ungali juu ya meza.