Mtunga Somo Asimdhulumu Mwanafunzi

Mwanafunzi anaposhindwa mtihani, matokeo yake hubandikwa ukutani. Somo lililotungwa vibaya halibandikwi popote. Hiyo ni dhuluma, na sisi watumishi wa elimu hatuna budi kuitazama bila kuoneana haya.

Kutunga somo ni dhamana. Anayeandika kitabu cha kiada, kiongozi cha mwalimu au kipindi cha redio husema na watu asiowaona, nao hawana njia ya kumsahihisha papo hapo. Akikosea, wao ndio walipao. Kwa hiyo uadilifu unamtaka amjue mwanafunzi wake, na alijaribu somo kabla ya kulitoa.

Mfano tunao hapa nchini. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 vikundi vilisikiliza redio, vikasoma vijitabu, vikajadiliana, kisha vikaamua vyenyewe hatua za kuchukua, kama vile kufyeka vichaka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza, na watu karibu milioni 2 walishiriki. Watungaji walijua kwamba wengi wa wanafunzi wao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, wakalipanga somo kwa kadiri ya uwezo huo. Huko ndiko kumheshimu mtu.

Leo masomo mengi huandaliwa kwa kompyuta na simu. Hayo ni maendeleo, nasi tunayapongeza. Lakini somo lihitajilo umeme, likipelekwa katika shule isiyo na umeme, ni ahadi ya uongo. Na zoezi linalodai kifaa ambacho mtoto hana, kisha likampa alama ya chini kwa kukikosa, linamwadhibu kwa umaskini wa wazazi wake.

Tunawaomba watunga masomo wajiulize kila mara: Ni nani atakayeachwa nyuma na somo hili? Limejaribiwa katika shule ya mbali, au mjini tu? Naye mwalimu akiona kosa kitabuni asinyamaze; aandike taarifa. Wakubwa wa ofisi nao waipokee taarifa hiyo kama msaada, wasiihesabu kuwa ni ukaidi. Kukiri kosa na kulisahihisha mapema si aibu. Aibu ni kumwachia mtoto alibebe.