Mwanafunzi Kazini Si Kibarua wa Bure

Ndugu wafanya kazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta,

Mnawaona wenyewe. Katika maabara ya hospitali, katika ofisi ya misitu, katika kituo cha wanyama, yuko kijana anapima damu, anahesabu miche, anafuata nyayo za ndovu na daftari mkononi. Mwulizeni mshahara wake, atacheka kwa haya. Ni mwanafunzi wa biolojia, amekuja kwa atachimenti, na mara nyingi halipwi hata senti.

Wako wanachama wasemao: hayo si mambo ya chama, hao ni watoto wa chuo. Sisi twasema ni mambo ya chama, tena ya haraka.

Hatupingi kijana kufundishwa. Biolojia haisomwi kitabuni peke yake, na kaunti yetu ni darasa kubwa. Tsavo ni hifadhi tangu mwaka 1948. Vilima vya Taita vina ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipata hati yake mwaka 2016. Waje wajifunze! Tunalopinga ni kijana kutumiwa.

Tofauti yake ni rahisi. Anayefundishwa ana mwalimu kando yake. Anayetumiwa amewekwa peke yake mahali pa mfanya kazi aliyestaafu, na tajiri hataki kuajiri mwingine. Leo anakula jasho la mwanafunzi. Kesho atakuambia wewe, fundi wa maabara wa miaka kumi, kwamba mshahara wako ni mkubwa mno.

Sasa wako wasemao miezi mitatu ni michache, mwanafunzi akae kazini mwaka mzima kama wafanyavyo Uingereza. Vema, lakini waseme yote. Huko waajiri wengi humlipa mwanafunzi wa mwaka huo, ingawa sheria yao ya kima cha chini cha mshahara haiwalazimishi. Hapa nani atalipa? Mtoto wa mkata mkonge atakula nini miezi kumi na miwili? Atapanga chumba Voi kwa fedha za nani? Mwaka usio na ujira utakuwa wa watoto wa wenye nacho, na cheti kizuri kitakuwa chao pia.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walisema apewe jembe. Hawakusema anyimwe chakula.

Matajiri watajibu kwamba haiwezekani. Watazameni madaktari. Mwaka 2024 serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi, na mapatano ya 2017 yalisema 206,000. Chama chao, KMPDU, hakikusema hao ni watoto. Madaktari wakubwa waligoma pamoja nao siku 56, na suala la wanagenzi lilikuwa mojawapo ya madai yao. Mgomo ulikwisha Mei bila suala hilo kumalizika, lakini hawakuliacha, na Desemba mwaka huohuo serikali ilikubali kufuata mapatano ya 2017.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humhesabu mwanagenzi kuwa mfanya kazi. Mwanafunzi wa chuo hana mkataba wa uanagenzi, kwa hiyo tajiri husema hayumo. Basi tumtie sisi katika mapatano yetu. Kila tawi lidai haya:

1. Mwanafunzi alipwe posho ya chakula, nauli na chumba.
2. Tajiri amkatie bima ya ajali, awe maabara au porini.
3. Awe na msimamizi anayejulikana kwa jina, wala asiwekwe mahali pa kazi iliyo wazi.

Wazee wa matawi, msingoje barua kutoka Nairobi. Mkutano ujao wa mapatano, jambo hili liwe mezani. Na wewe uliye kazini, mwite kijana huyo kwenye mkutano wa tawi, umpe kiti.

Umoja ni nguvu.