"Imegazetiwa" si sawa na "tumeambiwa"

Kila Ijumaa Mpigachapa wa Serikali hutoa Gazeti Rasmi la Kenya. Wateja wangu wa duka la kopi hapa Bulapesa, Isiolo, huja baada ya swala: "Mama, jina la marehemu wetu limetoka?" Nafungua simu, nashuka kurasa za Kiingereza zenye herufi ndogo kama chawa, natafuta.

Gazeti hilo, lililoanza 1899 enzi za mkoloni, halina picha wala matokeo ya mpira. Lakini tangazo likishatoka humo, huhesabiwa kuwa umma umearifiwa. Mwenye pingamizi la mirathi hupewa siku 30. Hatimiliki ikipotea, siku 60 kabla ya mpya kutolewa. Serikali ikitaka kutwaa ardhi ya barabara au uwanja wa ndege, nia yake hutangazwa humo pia. Hapo ndipo Isiolo tunapoumia. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya jamii, na mwenyewe yuko malishoni huko ng'ambo ya Merti, anafuata mvua. Akirudi, anaambiwa "imegazetiwa", kwa ile sauti ya kufunga mjadala.

Mawakili hunijibu kwamba siku hizi Gazeti liko mtandaoni, bure. Kweli. Bure hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya duka, maana asiye na bando wala Kiingereza hulipa mtu wa kumsomea. Sitetei biashara yangu, heri ife.

Bunge lenyewe linajua dawa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkutano wa kuchagua kamati ya ardhi utangazwe katika gazeti la habari na redioni. Kwa nini redio iishie kwenye kamati, lakini ardhi ikitwaliwa turudi kwenye karatasi? Na Katiba, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi tangu 2010.

Basi kila tangazo linalogusa ardhi ya Isiolo litafsiriwe, lisomwe redioni kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, kisha chifu alisome barazani Garbatulla, Oldonyiro na Merti. Siku za pingamizi zianze kuhesabiwa baada ya hapo. Chifu tayari ana mshahara, na baraza huitishwa hata kwa mambo madogo kuliko shamba la mtu.