Askari wa Miguu si Chambo

Niseme wazi tangu mwanzo ili tusipotezeane muda. Vijana wa kituo chetu wanaocheza Rome: Total War wanacheza vibaya, na wakubwa wanaotaka mchezo huo uondolewe wameuelewa vibaya zaidi. Kosa lao ni moja. Pande zote mbili zinaamini kwamba askari wa miguu kawekwa pale ili afe.

Nianze na nyie wadogo zangu. Mchezo ni wa zamani, ulitoka mwaka 2004, ndiyo maana unakubali kwenye hizi kompyuta zetu zilizochoka. Unaongoza jeshi la Roma au la maadui zake, na uwanja unauona kutoka juu. Kila Jumamosi naona mambo yale yale. Kijana anachagua askari wote wa miguu kwa pamoja, anabonyeza mara mbili juu ya adui ili wakimbie, halafu anawasahau. Macho yote yako kwa farasi. Farasi wanazunguka kilima, farasi wanakata kona, yeye anashangilia kama kafunga goli. Akirudi kuangalia katikati, bendera nyeupe zinapepea, watu wake wanakimbia ovyo. Sasa utamsikia: "Hawa wa miguu bure kabisa!"

Bure wapi? Umewakimbiza uwanja mzima, wamefika wanahema, umewaacha ubavu wazi, hukuweka mtu nyuma yao. Hata mimi ningekimbia.

Jamani, mchezo una kitufe cha kusimamisha vita. Kitumieni. Simamisha, panga mistari miwili kabla hujagusa kitu kingine. Mbele weka hastati, nyuma yao principes walio imara zaidi, na triarii wenye mikuki mirefu waweke pembeni, pale unapotegemea farasi wa adui. Farasi akiivaa mikuki uso kwa uso, anaumia yeye. Halafu waache hastati wasimame. Askari aliyesimama anapumzika, anayekimbia anachoka, na aliyechoka anapiga vibaya na kuvunjika mapema. Hastati wana mikuki ya kurusha: adui akikaribia watairusha kabla ya kushikana naye. Ukiwakimbiza ovyo unaweza kuipoteza nafasi hiyo.

Jambo lingine ni moyo. Kikosi hakikimbii kwa sababu wote wamekufa. Kinakimbia kwa sababu moyo umekatika, na hakuna kinachoukata haraka kama kupigwa ubavuni au mgongoni. Kwa hiyo ule mstari wa katikati usioupenda, kazi yake ni kumshika adui uso kwa uso mpaka mwingine amfikie kwa nyuma. Farasi wako wanapata sifa kwa sababu kuna mtu wa miguu aliyekubali kubaki mahali pake. Bila huyo, farasi wanazunguka nini?

Mtaniambia huo ni mchezo tu. Haya, tuache mchezo. Twende Pharsalus, Ugiriki, mwaka 48 kabla ya Kristo. Julius Caesar, yule wa tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliileta kwenye Kiswahili, alipambana na Mroma mwenzake Pompey. Kwa hesabu aliyoiandika Caesar mwenyewe, yeye alikuwa na askari wa miguu kama 22,000 na farasi 1,000. Pompey alikuwa na watu 45,000 wa miguu na farasi 7,000. Pompey alifikiri kama nyie wa Jumamosi: farasi watamaliza kazi, wa miguu wajaze uwanja tu.

Caesar aliliona hilo. Alitoa askari wa miguu kutoka mstari wake wa tatu, akawaweka pembeni kama mstari wa nne. Farasi wa Pompey walipowasukuma farasi wake wachache, hao wa miguu wakawatokea. Farasi wote wakatimka kuelekea milimani. Kisha hao hao wa miguu wakazunguka na kumpiga Pompey mgongoni, na wakati huo huo mstari wa tatu, ambao ulikuwa haujaguswa, ukaingia ukiwa na nguvu mpya. Basi, kwisha.

Msije mkasema: "Kumbe dawa ni kusimama tu." Pompey aliwaamuru watu wake wasimame, ili wa Caesar wakimbie umbali wote na wafike wamechoka. Lakini wale askari walikuwa wazoefu. Walipoona wenzao hawasogei, walisimama wenyewe katikati ya mbio, wakavuta pumzi, kisha wakaendelea. Hapo hawakungoja amri ya mkubwa. Askari wa miguu walitumia akili yao, nyie mnaowaita bure.

Sasa nageukia wakubwa. Kuna mtu alisema kikaoni kwamba ni aibu kuwapa mchezo wa vita watoto waliokimbia vita. Naheshimu uchungu wake, lakini hoja yake siikubali. Hawa vijana vita hawakuvijulia kwenye kompyuta. Wengine wana kaka waliochukuliwa usiku, wakapewa bunduki leo, kesho wakatangulizwa mbele kama chambo. Aliyewatuma alikuwa nyuma kwenye gari. Kijana wa namna hiyo tayari ana somo moja kichwani: mtu wa chini kazi yake ni kufa kwanza, ukitaka kupona uwe mkubwa. Mkizima kompyuta, somo hilo linabaki palepale, halijajibiwa na mtu.

Mimi nataka lijibiwe. Vita vikiisha, mchezo unaonyesha hesabu: wangapi walipelekwa, wangapi wamebaki, wangapi waliuawa. Kituoni kwetu nimeweka sheria. Kushinda peke yake hakutoshi, tunasoma waliobaki. Ukishinda huku umemaliza watu wako, unaondoka kwenye kiti na mwenzako anaingia. Walinuna sana, wakasema nimeharibu mchezo. Siku hizi wanabishana kuhusu nani apumzishwe na nani aingie badala yake. Kijana wa miaka 16 aliyekuwa hajui kusubiri zamu ya maji anasimamisha vita ili kuokoa kikosi kimoja kilichochoka. Nyie mnataka nikizime hicho?

Sisemi Caesar ni malaika. Alikuwa akipigana na watu wa nchi yake mwenyewe, na hilo sisi hatuhitaji kufundishwa linavyouma. Wala sisemi mchezo unatibu mtu. Yupo kijana ambaye kelele za mapanga zinamrudisha mbali, huyo simlazimishi, tunakaa naye nje na bao. Ninachosema ni kwamba mkuu anayemwaga watu wake ni mkuu mbovu, na kijana akijionea hilo kwa mikono yake, ni vigumu kumdanganya.

Maana wadanganyaji wapo. Wanakuja na maneno matamu, wanaahidi simu, cheo, kurudi nyumbani kwa ushindi. Wadogo zangu, mtu akikwambia uende mbele, muulize maswali ya Jumamosi. Nyuma yangu yuko nani? Nikichoka, nani ananipokea? Ubavu wangu analinda nani? Na wewe unayenituma utasimama wapi? Akikosa jibu, ujue kwake wewe ni chambo, ukae kwenu.

Kwa wazee wa kamati na ndugu wa mashirika, ombi langu ni dogo: msitoe uamuzi mkiwa ofisini. Njooni Jumamosi saa nane mchana, mkae nyuma ya viti, msikilize wanavyobishana. Sheria ya waliobaki itawahusu hata nyie mkitaka kucheza.