Uchovu wa Baada ya Homa si Utegaji

Askari ameugua homa ya virusi, akapona, akarudi kikosini. Miezi sita imepita, naye bado hamalizi gwaride; akijikaza leo, kesho hainuki kitandani. Wenzake humwita mtegaji. Twaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba huenda mtu huyo ni mgonjwa hasa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1955 watumishi 292 wa Hospitali ya Royal Free, London, walipatwa na maradhi ya namna hii, hata hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili waliandika kuwa ule ulikuwa wasiwasi wa umati tu. Wagonjwa wengi walidharauliwa kwa sababu ya fikra kama hizo.

Leo wataalamu huchunguza kingamwili, yaani walinzi wa damu. Yasemekana baadhi yao, baada ya kupigana na virusi, humgeukia mwenye nyumba, wakavuruga mishipa na moyo. Katika hospitali ya Charité, Berlin, damu ya mgonjwa hutolewa, majimaji yake hupitishwa katika kichujio kinachonasa kingamwili, kisha hurudishwa mwilini. Taarifa ya mwaka 2018 ilihusu wagonjwa 10. 7 walipata nafuu upesi, lakini ni 3 tu waliodumu nayo kwa muda mrefu. Ile ya mwaka 2025 ilihusu wagonjwa 20 wa baada ya UVIKO-19; 14 walipata nafuu.

Hata hivyo tusishangilie mapema. Majaribio hayo hayakuwa na kundi la kulinganishia. Kichujio hunasa walinzi wema pamoja na waasi, na mwili huunda wengine. Tena mwaka 2024 dawa BC 007, iliyokusudiwa kuzima kingamwili hizo, haikuishinda dawa bandia. Kwa hiyo anayeuza usafishaji wa damu kama tiba kamili asiaminiwe.

Lililo wazi ni hili: mwaka 2021 Uingereza iliacha kuwaagizia wagonjwa hawa mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Twawasihi makamanda wampeleke askari wa namna hii kwa daktari kabla ya kumpeleka uwanjani kwa adhabu. Nidhamu ni nguzo ya jeshi, lakini haitibu ugonjwa.