Mpango wa Mungu, au jalada la mtu?

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, sisi wa Kagondo tukiwa kanisani, ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilibeba watu 43. Walinusurika 24; 19 wakafa. Msibani neno lilikuwa moja: ni mpango wa Mungu.

Mimi ni Mkristo, na neno hilo nalikataa. Waliotangulia kuifikia ndege walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, akiwamo kijana aitwaye Majaliwa Jackson. (Jina hilo! Waziri Mkuu aliyeongoza kuaga miili pale Kaitaba naye ni Majaliwa.) Hapo nayaona maongozi ya Mungu waziwazi: mtu aliyetoka kutafuta riziki anageuza mtumbwi kumwendea asiyemjua. Lakini kwamba uhai wa abiria ulitegemea makasia na kamba za wananchi, miaka 26 baada ya MV Bukoba kuzama na mamia ya watu, hilo halikushuka kutoka mbinguni. Hiyo ni bajeti, na bajeti ina wenye kuitia saini. Ndugu mtumishi wa umma, usimtwike Mungu jalada lililolala mezani pako.

Jumapili iliyofuata, katika maombi ya waamini, tuliwaombea marehemu na kushukuru kwa ajili ya waliopona. Boti ya uokoaji hakuna aliyeiulizia. Nami nilinyamaza.